Shoka Lililopakwa Mursik

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sokoni naenda, kanisani naenda, lakini nusu ya raha ya kwenda kwangu iko kwenye kurudi. Mume wangu ni mpishi katika kambi ya wanariadha huko Kaptagat. Siku tano kwa wiki anasonga ugali wa watu wanaotoka mbio kabla jogoo hajawika, kisha Jumamosi anarudi kwa mke ambaye mvua ikianza hakimbii hata kuanua nguo. Anasema Mungu ameweka mizani, maana watu wote wakikimbia nani atabaki kufunga mlango.

Kufunga mlango ndiyo kazi ninayoijua vizuri zaidi, hasa wingu likiwa jeusi. Naogopa radi. Najua kila mtu huogopa kidogo, hushtuka, husema "woi" halafu huendelea kumenya viazi. Mimi viazi hubaki vilivyo na kisu huenda chini ya godoro.

Nimelelewa upande wa ziwani, ambako radi haibishi hodi. Kwetu wingu likitanda tu, mama alifunika kioo kwa leso, akazigeuza sufuria zikalala kifudifudi, na yeyote aliyevaa kitu chekundu alikivua hapo hapo. Sisi watoto tulipandishwa kitandani, miguu juu. Hakuna kutafuna, hakuna kucheka, hakuna kuuliza. Hasa kuuliza. Ukiuliza ulikuwa unamwonyesha radi uliko. Hofu hiyo mama aliipata kwa mama yake, naye akanipa mimi nzima, kama mtu anavyorithishwa sufuria nzito ambayo hakuna anayeitaka na hakuna anayethubutu kuitupa. Sekondari mwalimu wa fizikia alitueleza jinsi chaji chanya na chaji hasi zinavyotafutana huko mawinguni. Nilielewa kabisa, hata swali lake kwenye mtihani nilipata. Jioni mvua iliponyesha, nikaingia chini ya kitanda cha bweni pamoja na elimu yangu.

Tulipompata binti yetu nikajiambia sufuria hiyo inaishia kwangu. Huyu hatajua kwamba mama yake anaogopa, na asipojua, hatakuwa na wa kumwiga. Kwa miaka minne nilibahatika. Radi kubwa zilipiga akiwa nasari, au usiku akiwa amelala fofofo, au baba yake akiwa nyumbani, naye nilimwachia mtoto nikaenda "kutafuta kitu chumbani". Nimetafuta vitu vingi sana chumbani.

Halafu ukaja usiku wa peke yetu.

Shule zilikuwa zimefunguliwa juzi tu, na mtoto alikuwa ametoka Moiben, alikokaa likizo yote kwa nyanya yake. Yeye humwita kogo, kama watoto wote wa kwao. Kila akirudi kutoka huko huwa ameongezeka kitu. Safari ile ya kwanza alirudi anajua kumtofautisha ng'ombe mwenye hasira na ng'ombe mwenye njaa. Safari hii sikuwa nimejua bado ameongezeka nini.

Tunakaa Yamumbi, kwenye nyumba za kupanga zilizopangwa mstari mmoja, mabati juu, ua mmoja mbele. Jioni ile upepo ulivuma ukageuza majani ya mahindi ya jirani upande wa tumbo, hewa ikanuka vumbi lililolowa, na kabla sijamaliza kuosha vyombo stima ikapotea. Nikawasha taa ya sola. Nikazima simu, maana kwetu simu nayo ni dada yake kioo. Kisha nikaanza shughuli zangu, nikijitahidi zionekane ni za kawaida.

"Mama, mbona unafunika kioo?"

"Kinapumzika."

"Kimechoka na nini?"

"Na kuniangalia."

Alinitazama kwa muda, akatikisa kichwa kukubali. Ningependa abishe kidogo.

"Sasa vua sweta."

Sweta ya shule yao ni nyekundu. Kati ya rangi zote Mungu alizoumba, shule niliyoichagua mimi mwenyewe, kwa sababu iko karibu na sitembei sana, ilichagua hiyo.

"Nasikia baridi."

"Ni chafu."

"Si uliifua jana?"

"Basi imekuwa safi sana. Vua."

Akavua huku akitetemeka. Nikamfunga shuka la kijani, nikaisukuma sweta ndani ya ndoo na kuifunika. Baridi ya Eldoret mwaijua. Hapo nilikuwa nimeshaanza kumtesa mtoto kwa ajili ya kitu ambacho nilikuwa nikimficha.

Tukapanda kitandani. Mawe ya mvua yakaanza, kwanza moja moja, kama mtu anayetupia mabati kokoto kuona kama wenyewe wako, halafu yote kwa pamoja, mpaka ikabidi tuongee kwa kupiga kelele. Mwanga ukapenya kwenye kila tundu la misumari. Radi ikapasuka. Mimi nikauma shuka. Mtoto akaketi wima.

"Amefika," akasema.

"Nani?"

"Yule wetu."

Nilidhani anamsema baba yake. Nikamwambia baba yuko kazini, hawezi kuja na mvua hii.

"Si baba! Huyu wa juu. Kogo alisema ni mtu wetu. Sisi ndio wenye radi."

Kidogo kidogo, kati ya ngurumo na ngurumo, akanieleza. Watu wa kwa baba yake wamegawanyika katika koo, na kila ukoo una kiumbe chake, huyu simba, yule nyuki, mwingine ndege. Hilo nililijua, nilitambulishwa nilipoolewa. Kile ambacho hakuna aliyenieleza, au pengine nilielezwa siku ambayo wageni walikuwa wengi na mimi nikifikiria nitarudi nyumbani saa ngapi, ni kwamba ukoo wa mume wangu ndio wenye mvua na radi. Nilikuwa nimeolewa na radi. Nimetoka nyumbani kwetu, nimepita wanaume wa kila aina, nikaenda moja kwa moja nikaingia kwa ukoo huo.

"Na wako wawili," mtoto akaendelea. "Mmoja ni mbaya, huyo anapiga karibu, paa! Anataka kupiga watu. Lakini mwingine ni mzuri. Huyo anaongea mbali, huuu, anamwambia huyu mbaya, wachana na wao."

"Wanakaa nyumba moja?"

Swali hilo lilinitoka lenyewe. Ni la kwanza nililowahi kuuliza katika maisha yangu yote radi ikiwa hewani, na hakuna aliyepigwa.

"Sijui. Kogo hakusema. Labda wamepanga kama sisi."

"Na huyu mzuri, mbona asimzuie kabisa?"

"Labda ni mzee. Sikiliza."

Tukasikiliza. Sijawahi kusikiliza radi kabla ya usiku ule. Nilikuwa naipata tu, kama mtu anavyopata kofi. Na kweli, baada ya mpasuko wa karibu kulikuwa na sauti nyingine nyuma yake, nzito, ya polepole, ikitambaa upande wa Kaptagat, kama mtu mzima anayesema jambo ambalo ameshalisema mara nyingi. Nikajikuta nimeinamisha kichwa nipate kuisikia mpaka mwisho. Kisha ule wa karibu ukapasuka tena na mimi nikarudia shuka langu.

"Huyu mbaya amezidi," mtoto akasema. "Wacha nimnyamazishe. Shoka iko wapi?"

Lazima nieleze kuhusu shoka. Tulipohamia nyumba hii mama mkwe alikuja kuiona. Akaja na maziwa, viazi, na shoka dogo lenye mpini mweusi. Mimi napikia gesi. Nililitazama lile shoka nikaona ujumbe wake uko wazi: mke wa mwanangu ni mvivu, apasue kuni. Nikashukuru kwa mdomo, na tangu siku hiyo shoka limekuwa likizuia mlango wa jikoni usijipige. Nililidharau kwa makusudi kila nilipopita.

"Ya nini?"

"Mtu wetu anapaka majivu, anatupa nje kwa mlango, anamwambia, nyamaza hapa kwetu! Kogo alinionyesha kwa shoka yake. Alisema ya hapa alituletea sisi."

Kumbe. Miaka mitatu nimekasirikia shoka la kuninyamazishia radi.

"Nje," nikasema. "Yaani tufungue mlango."

"Ee. Sasa utatupa kwa dirisha?"

Hapo ndipo usiku ule ulipofika penyewe. Kila kitu nilichofunzwa kilikuwa kinasema mlango haufunguliwi. Nikikataa ataniuliza kwa nini, na kwa nini haikuwa na jibu lingine ila lile la mama yangu. Alikuwa amekaa pale na shuka la kijani, macho makavu, mtoto wa kwanza katika mstari wetu wa wanawake kuketi wima wakati kama ule, na mimi ndiye niliyekuwa naamua kama atabaki hivyo.

"Majivu hatuna," nikasema. Niliona nimepata njia ya woga wangu kupita bila kuonekana. "Tunapikia gesi."

"Ya ile jiko ya makaa ya maharagwe?"

"Niliimwaga kwa sukuma wiki asubuhi. Sasa ni matope."

Akaanza kuangaza macho chumbani. Mimi nikaanza kupumua. Halafu uso wake ukafunguka.

"Mursik!"

Kwa mlango wa kabati palikuwa pananing'inia kibuyu ambacho mama mkwe alikuwa ametuma na mtoto kutoka Moiben. Mursik ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa uliosagwa, mkaa wa mti maalumu, ndiyo maana hutoka na rangi ya kijivujivu. Nilipoolewa niliyaita maziwa ya sufuria isiyooshwa. Sasa nakunywa vikombe viwili. Kibuyu kile kilikuwa cha Jumamosi, cha baba yake.

"Iko na majivu ndani," mtoto akasema. "Wewe mwenyewe ulisema."

Nilisema, siku alipouliza kwa nini ni kijivu. Mdomo wangu. Na niseme ukweli, niliona hoja yake ni nzuri sana. Kijivu ni kijivu. Kilitoka kwa kogo, shoka lilitoka kwa kogo, kwa nini visielewane? Kulikuwa na kitu kingine pia kilichoanza kunisumbua, na hicho kwangu kilikuwa kigeni: nilitaka kujua. Je, kama kweli atanyamaza?

Tukashuka kitandani. Nikamimina mursik yote kwenye bakuli, akachovya mkono wote, akalipaka shoka kama mtu anayepaka mtoto mafuta, hata nyuma ya masikio, na alipomaliza akalamba vidole. Tukasogea mlangoni. Nikashika mpini nimsaidie.

"Wacha! Wewe si wa hapa, wewe ni wa kwenu."

"Ni nzito. Itakuangukia mguu."

Akafikiria sheria. "Basi shika na vidole mbili."

Nikashika kwa vidole viwili. Kwa mkono mwingine nikavuta komeo. Mlango ukafunguliwa na upepo kabla yetu, mawe yakaruka ndani yakacheza sakafuni, na ua wote ulikuwa mweupe kama umemwagiwa chumvi. Mtoto akarudisha shoka nyuma, akarusha kwa nguvu zake zote na vidole vyangu viwili.

"Nyamaza! Hapa ni kwetu!"

Shoka likaruka hatua chache, likaangukia beseni langu la plastiki nililokuwa nimeligeuza chini ya michirizi. Kaa! Beseni likapasuka.

Jirani yetu ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, na dirisha lake linatazama mlango wetu. Likafunguka kidogo.

"Nani huko?"

"Ni mimi!" mtoto akajibu. "Naongea na radi!"

"Haya, mwambie apunguze sauti. Nasikiliza redio."

Nilitaka kucheka, na kicheko kilikuwa kimefika kooni, wakati mwanga na kishindo vilipokuja pamoja, bila nafasi katikati hata ya kupitisha kucha. Mabati yalilia. Bakuli liliruka mezani. Nikapiga yowe. Si "woi" ya kawaida, ni ile ya mama yangu, sauti yake kabisa, iliyokuwa imekaa ndani yangu miaka yote ikingoja mlango ufunguliwe.

Mtoto akageuka akanitazama. Hakutazama nje, alinitazama mimi. Miaka minne ya kutafuta vitu chumbani ikaishia hapo.

"Mama, unaogopa?"

Ningeweza kusema nimeumia kidole. Nilikuwa na uongo mwingine mwingi tayari, nimeshaupiga pasi.

"Ee," nikasema. "Sana. Tangu nikiwa mdogo kama wewe."

Nikangoja uso wake ubadilike. Nilikuwa nimeungoja uso huo tangu azaliwe, jinsi utakavyofanana na wangu. Lakini yeye alikunja tu paji la uso, kama fundi aliyeonyeshwa kitu ambacho hakijaunganishwa vizuri.

"Kwani haujui yeye?"

"Simjui."

"Na yeye hajui wewe?"

"Sidhani."

"Ndiyo maana!" Akapiga paja lake. "Hakuna mtu alimwambia yeye wewe ni nani. Ngoja."

Akanishika kidole, akanivuta mpaka kizingitini, pale ambapo mawe yalikuwa yakitupiga vidole vya miguu. Akainua uso juu.

"Huyu ni mama yangu! Ametoka kwao, lakini anakaa hapa! Usimpigie kelele!"

Kutoka kwenye dirisha la jirani nikasikia, "Vizuri sana." Sijui kama alikuwa anaijibu redio.

Siwezi kusema radi ilinyamaza. Haikunyamaza hata kidogo. Ilikaa juu ya Yamumbi usiku kucha, ikaenda ikarudi, ikazunguka nyumba, ikapiga hadithi. Mtoto alilala katikati ya moja ya ngurumo hizo, ananuka maziwa. Mimi nilibaki macho, miguu juu kama nilivyofunzwa, nikisikiliza nani ni nani. Yule wa mbali nilianza kumjua. Kuna wakati niliona anachelewa kujibu, nikawa na wasiwasi naye.

Asubuhi nilipowasha simu mama mkwe ndiye aliyepiga kwanza.

"Mmelala namna gani, msichana wangu? Huku Moiben mawe imeangusha mahindi upande mmoja tu."

"Tumeamka, Mama. Mjukuu wako ametupa shoka."

"Eee! Ametupa?" Nilisikia furaha ikimpanda. "Alipaka majivu?"

"Majivu hatukuwa nayo. Alipaka mursik."

Nilidhani salio limekwisha.

"Alipaka nini?"

"Mursik, Mama. Ile ya kibuyu. Si iko na mkaa ndani?"

Mama mkwe ni mtu wa heshima, hucheka amefunika mdomo. Siku hiyo nadhani alihitaji mikono yote miwili, maana simu ilianguka na nikasikia ng'ombe kwa muda. Aliporudi alikuwa akihema.

"Msichana wangu. Mursik tunampa nani?"

Hapo nikaelewa, nikaketi kwenye kiti. Mtu yeyote wa Eldoret anajua. Mkimbiaji akirudi kutoka nchi za watu na medali shingoni, akishuka tu kwenye ndege, mama mmoja husimama pale na kibuyu. Arusi, mursik. Kijana akitoka jandoni, mursik. Hakuna anayepewa mursik ili aondoke.

"Mlimwambia karibu nyumbani," akasema. "Halafu mnashangaa amekaa mpaka asubuhi! Mgeni amepewa maziwa, ataenda wapi na mvua?"

Mtoto alikuwa ameegemea goti langu akisikiliza. Nilipokata simu aliuliza kogo amecheka nini, nikamweleza. Nilidhani atasikitika kwamba kazi yake iliharibika. Badala yake alikwenda uani, akaokota shoka kwenye mawe yaliyokuwa yakiyeyuka, akaligeuza huku na huku.

"Ameimaliza yote," akaniambia. Na ni kweli, lilikuwa limeoshwa likang'aa.

Jumamosi baba yake alirudi akakuta kibuyu kitupu na beseni limepasuka. Nikamwambia wageni wa kwao walikuja. Sikumwambia zaidi ya hapo mpaka aliponawa mikono, ili ateseke kidogo. Na shoka sikulirudisha kwa mlango wa jikoni. Liko kwenye msumari, pamoja na mkebe wa majivu ambayo mama mkwe alituma ndani ya pakiti ya majani chai, na maneno kwamba safari hii tusichanganye.

Radi nyingine ilikuja wiki mbili tatu baadaye, mapema jioni. Nilifunika kioo, kwa heshima ya mama yangu. Nilipanda kitandani, miguu juu. Sweta nyekundu nilimwachia, baridi ilikuwa kali, na wala sitasema mkono wangu haukwenda kwenye ukosi wake mara moja na kurudi. Mwanga ukapita. Ngurumo ikaja, wala si karibu wala si mbali, ya katikati, ambayo sikuweza kuiweka popote.

"Huyo ni yupi?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. Akasikiliza kwa muda mrefu, mdomo wazi.

"Sijui," akasema. "Fungua mlango tusikie vizuri."

Nikateremsha mguu mmoja.